Mdomo wa mpira, sauti ya nani?

*Vikaragosi vya televisheni vimewasema marais na matajiri kwa maneno ambayo mtangazaji wa taarifa ya habari hawezi kuyatamka. Ruhusa hiyo vimeipata wapi, na kwa nini vituo vyetu vimewaachia wahisani kuilipia?*

Novemba 2014, katika mahakama ya hakimu ya Randburg, kaskazini mwa Johannesburg, lilisikilizwa shauri la aina yake. Mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za Kiafrikana, Steve Hofmeyr, alikuwa amekwisha kupewa amri ya muda ya kumkinga dhidi ya usumbufu. Aliyelalamikiwa ni msanii wa vichekesho, Conrad Koch. Lakini maneno yaliyomuudhi Hofmeyr hayakutolewa kwa jina la Koch. Yalitolewa kwa jina la Chester Missing, mchambuzi wa siasa aliyejulikana nchi nzima kwa kuwahoji wanasiasa kwenye televisheni, ambaye uso wake ni wa mpira na mkono unaomwendesha ni wa Koch.

Hofmeyr alikuwa ameandika mtandaoni kwamba, kwa maoni yake, watu weusi ndio waliobuni mfumo wa ubaguzi wa rangi. Chester alimjibu, kisha akawageukia wafanyabiashara waliomfadhili mwimbaji huyo akiwataka wajitenge naye. Hofmeyr akaenda mahakamani. Hakimu alizisikiliza pande zote mbili, akaifuta amri ile ya muda.

Wengi waliisimulia habari hii kama kioja cha mtu mzima kumshitaki mwanasesere. Ina uzito zaidi ya hapo, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila kituo cha televisheni kinachorusha vikaragosi hukutana nalo siku moja: neno likitoka kinywani mwa kitu kisicho na uhai, nani amelisema? Hoja ya makala haya ni kwamba nguvu ya kikaragosi imo katika swali hilo kubaki wazi. Mtazamaji anajua vizuri kwamba nyuma ya mpira yupo mtu, na bado anakubali kumsikiliza yule wa mpira. Makubaliano hayo hayakuandikwa katika sheria yoyote, na anayeweza kuyavunja kwa urahisi kuliko polisi au mahakama ni mwenye kituo.

Jicho hulivuta sikio

Tuanze na ufundi wenyewe. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la msanii anayesema bila kuchezesha midomo huku mwanasesere aliyempakata akionekana ndiye msemaji. Lugha za Ulaya zilichukua kutoka Kilatini jina lenye maana ya kusema kwa tumbo, ingawa tumbo halina kazi kubwa hapo. Sauti hutoka kooni kama kawaida. Midomo huachwa wazi kidogo bila kutikisika, na ulimi ndio unaobeba mzigo wote. Taabu huja kwenye herufi zinazotaka midomo igusane: b, m na p. Msanii huziazimia jirani zake, d, n na t, kisha akategemea sikio la msikilizaji limsaidie. Kwa Kiswahili kazi hii ni ngumu kwelikweli. Baba anageuka dada, embe linakuwa ende, mpira unakuwa ntira, na kila nomino inayoanza na m ya mtu au mti ni mtego mpya. Anayetaka kuifanya kwa lugha yetu inambidi achague maneno kama mtunzi wa mashairi anayehesabu mizani.

Hata hivyo midomo iliyotulia ni sehemu ndogo ya siri. Sehemu kubwa imo kichwani mwa mtazamaji. Jicho likiona kinywa kinafunguka na kufumba sawasawa na sauti, ubongo huipeleka sauti pale kinywa kilipo, hata kama imetoka kwingine. Ndiyo maana tunaitazama televisheni bila kushangaa. Sauti ya mtangazaji hutoka kwenye spika iliyo chini au nyuma ya seti, lakini tunaapa kwamba tumeisikia midomoni mwake. Televisheni nzima imejengwa juu ya ufundi wa mwenye mwanasesere, na pengine hii ndiyo sababu sanaa hii ilipoingia kwenye kioo ilijikuta nyumbani.

Tena kuna ushahidi kwamba kinachopendwa na watu si midomo. Edgar Bergen, aliyekuwa msanii maarufu kuliko wote wa fani hii nchini Marekani, alijenga jina lake kwenye redio kuanzia 1937. Hakuna msikilizaji aliyeweza kuiona midomo yake. Waliyemfuata ni Charlie McCarthy, mwanasesere wa mbao mwenye ulimi mkali, ambaye aliwajibu wageni wa heshima majibu ambayo Bergen, bwana mpole, asingeweza kuyatoa. Mwaka 1993 Shari Lewis alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea vipindi vya watoto, akiwa na mwanakondoo wake wa kitambaa, Lamb Chop. Mwanakondoo naye akapewa nafasi ya kusema. Kuanzia 2007, wasanii wa fani hii wameshinda mara tatu mashindano ya vipaji ya America's Got Talent, wa kwanza akiwa Terry Fator, na mmoja wao, Darci Lynne Farmer, alishinda mwaka 2017 akiwa na miaka 12 tu.

> Anayetaka kuifanya kazi hii kwa Kiswahili inambidi achague maneno kama mtunzi wa mashairi anayehesabu mizani.

Kanga inasema, mvaaji kanyamaza

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya wageni. Hoja hiyo haizingatii kanga. Mwanamke wa Mombasa, Tanga au Unguja anayechagua kanga dukani huyasoma kwanza maandishi yake, jina la kanga, akijua ni nani mtaani atakayeyasoma pia. Siku ya kuivaa anapita mbele ya jirani akiwa amefumba mdomo. Hajasema kitu, nguo ndiyo iliyosema. Jirani akilalamika, atajibiwa kwamba ile ni kanga tu, inauzwa sokoni kwa kila mtu. Na bado wote wawili wanajua, na wapita njia wanajua. Mwimbaji wa taarabu anayerusha mipasho bila kutaja jina hufanya kazi ileile. Huu ni mgawanyo wa neno kati ya aliyelikusudia na chombo kilicholibeba, na watu wa pwani wameuishi bila kuhitaji mtu wa Ulaya kuwafundisha.

Hata jina tunalolitumia lina safari yake. Kikaragosi linafanana mno na Karagöz, jina la yule mhusika wa michezo ya vivuli ya Kituruki, lenye maana ya jicho jeusi, ambalo Waarabu walilichukua na kulitamka kwa namna yao. Katika dola ya Osmania, Karagöz alikuwa mtu wa kawaida asiyesoma, mwenye kuwakejeli wakubwa kutoka nyuma ya pazia. Kwa upande mwingine, Kiswahili cha siasa kina kibaraka, mtu anayetumwa na kusema ya bwana wake. Maneno haya mawili yanaangaliana. Kibaraka ni mtu aliyekubali kugeuzwa chombo. Kikaragosi cha satira ni chombo kilichopewa ujasiri wa mtu.

Afrika Mashariki ilikwisha kuutumia ujasiri huo kabla ya satira ya siasa kufika kwenye kioo. Katika miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulikuwa hautajwi mbele ya wazazi, kikundi cha Community Health and Awareness Puppeteers kilizunguka Kenya na vikaragosi vilivyozungumza habari za ngono na maradhi hadharani. Mwalimu au muuguzi angeambiwa hana adabu. Kikaragosi kilisikilizwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema kwamba mtoto wa fulani amemvunjia heshima mzee wa fulani. Afrika Kusini nayo, mwaka 2002, ilimwingiza Kami, mwanasesere mwenye virusi vya UKIMWI, katika kipindi cha watoto cha Takalani Sesame. Ilikuwa njia ya kuwaeleza watoto jambo ambalo watu wazima wa nchi hiyo walikuwa bado wakibishana nalo.

Nairobi, Mei 2009

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kipindi cha vikaragosi cha The XYZ Show. Mwanzilishi wake ni Godfrey Mwampembwa, Gado, mchora katuni aliyezaliwa Dar es Salaam na kujulikana kwa kazi yake katika magazeti ya Nation ya Nairobi. Alipoona jinsi Wafaransa walivyokitengeneza Les Guignols de l'info, kilichorushwa na Canal+ tangu 1988, alitaka kupata cha kwetu. Ilimchukua miaka. Kipindi kilianza kuonyeshwa Citizen TV mwezi Mei 2009, kikitengenezwa na kampuni ya Buni Media, mwaka mmoja na ushei baada ya vurugu za uchaguzi zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuiacha nchi na serikali ya mseto ya Mwai Kibaki na Raila Odinga.

Wakati huo ndio unaofafanua thamani yake. Kwenye taarifa ya habari, mawaziri waliotuhumiana kwa mauaji waliketi meza moja na kutabasamu, na mtangazaji akasoma walichosema. Kwenye XYZ, wakubwa walewale waligombana kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiswahili na Sheng, wakiyasema yale ambayo kila abiria wa matatu alihisi wanayasema milango ikifungwa. Kenya ilikuwa tayari na waigizaji hodari: kundi la Redykyulass lilimwigiza Rais Moi kwenye televisheni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na huo ulikuwa ujasiri wa kupigiwa mfano. Lakini mwigizaji hubaki na mwili wake. Tunajua anakaa wapi na anatoka kabila gani, na katika nchi ambayo jina la ukoo linaweza kukuua, hilo si jambo dogo. Raila wa mpira hana kijiji. Anayemsema Kibaki kwa kinywa cha mpira hawezi kusemwa kwamba ametumwa na kwao.

Kutengeneza uso mmoja kunataka uvumilivu. Kichwa hufinyangwa kwanza kwa udongo, kikatolewa kalibu ya plasta, kisha mpira wa povu ukamiminwa, ukaiva, ukapakwa rangi, ukatiwa macho yanayozunguka. Kikaragosi cha ukubwa huo mara nyingi huendeshwa na watu wawili waliojibana chini ya meza, mmoja akishika kichwa na mkono, mwenzake akitoa mkono wa pili, huku sauti ikirekodiwa na mtu wa tatu. Mstari mmoja wa mzaha una mwandishi, mfinyanzi, waendeshaji wawili na mwenye sauti. Ukiuliza nani amesema, jibu la kweli ni kwamba chumba kizima kimesema.

> Raila wa mpira hana kijiji. Anayemsema Kibaki kwa kinywa cha mpira hawezi kusemwa kwamba ametumwa na kwao.

Heshima, uficho na rangi ya mkono

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni heshima. Kiongozi ni mzazi wa taifa, wanasema, na kumpa pua ya futi moja ni kumvua nguo mbele ya watoto. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani heshima kwa wakubwa ni nguzo ya maisha yetu. Lakini heshima ya Kiswahili haijawahi kuwa kimya. Ni namna ya kusema, na ndiyo maana ikazaa mafumbo, vijembe na kanga. Tena tukubali kwamba katuni ya gazeti, yenye pua ndefu vilevile, inapita mikononi mwa wazee kila asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba hii inatembea na kuongea. Ukali wa dola kwa mzaha, kwa upande wake, haujaleta heshima zaidi. Oktoba 2019, mchekeshaji wa Tanzania Idris Sultan aliitwa na kuhojiwa na polisi kwa picha aliyobadilishana sura na Rais wa wakati huo. Picha ile ilionwa na watu wengi zaidi baada ya hapo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kikaragosi ni kificho, na mwenye la kusema aliseme kwa uso wake. Ingekuwa kweli kama mkono ungefichwa. Koch alisimama mahakamani Randburg kwa jina lake. Jina la Gado linajulikana kwa kila mtu. Hapo ndipo satira ya vikaragosi inapotengana kabisa na sauti bandia zinazotengenezwa sasa kwa akili mnemba, zinazomfanya kiongozi aonekane amesema asiyoyasema. Bandia ya kompyuta inafanya kazi pale tu unapodanganyika. Kikaragosi kinafanya kazi pale tu unapojua. Mshono wa mpira unaoonekana shingoni ni tangazo la ukweli, na katika miaka hii tunalihitaji tangazo hilo kuliko zamani.

Ya tatu inamgusa Chester mwenyewe. Koch ni mzungu, na mwanasesere wake ana ngozi ya kahawia. Wakosoaji wa Afrika Kusini waliuliza kwa nini mzungu apate riziki kwa kumtia maneno kinywani mtu wa rangi nyingine, hata kama maneno hayo yanaupinga ubaguzi. Swali hili halijibiki kwa kusema kwamba nia ilikuwa njema. Linabaki, na ni haki libaki, kwa sababu linatukumbusha kwamba mkono una historia kama kinywa kilivyo na historia. Ninachokiona ni kwamba kikaragosi kiliweka jambo hilo mezani waziwazi: mkono mweupe ndani ya mwili wa kahawia, mbele ya kamera. Magazeti na vituo ambako mmiliki wa rangi moja husema kwa midomo ya wahariri wa rangi nyingine havikuwahi kulionyesha hivyo.

Ya nne ni ya waliokata tamaa: vikaragosi havibadilishi kitu. Mwaka 2013 Wakenya waliwachagua Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, baada ya miaka minne ya XYZ. Ufaransa mwaka 1995, wachambuzi wengi waliamini kwamba Les Guignols ilimsaidia Jacques Chirac, kwa kuwa mwanasesere wake aliyesalitiwa na wenzake aliwatia watu huruma. Uingereza ilikuwa kinyume. David Steel, kiongozi wa Liberal, alichorwa na kipindi cha vikaragosi cha Spitting Image kama kijitu kinachokaa mfukoni mwa David Owen, na mwenyewe alikiri kwamba picha hiyo ilimdhuru. Mifano hii inaonyesha kwamba matokeo hayatabiriki. Kama kipimo ni kumwangusha mtu kwenye kura, basi hata uandishi bora wa habari umeshindwa mara nyingi. Kazi ya kikaragosi ni kuweka maneno katika kinywa cha umma, ili kesho sokoni mtu aweze kulitaja jambo ambalo jana lilikuwa halitajiki.

Mkono wa mwenye kituo

Tukiangalia jinsi vipindi hivi vilivyokufa, sheria si muuaji mkuu. Nchini Afrika Kusini, shirika la utangazaji la umma, SABC, lilihusika mwanzoni na satira ya vikaragosi ya ZA News, kazi ya mchora katuni Zapiro na wenzake, kisha likakataa kuirusha. Mwaka 2009 ikaishia mtandaoni. Ufaransa, Les Guignols ilidumu takribani miaka 30. Baada ya mfanyabiashara Vincent Bolloré kuishika Canal+ mwaka 2015, waandishi wake wa zamani waliondolewa, kipindi kikatolewa kwenye nafasi ya bure na kuwekwa nyuma ya malipo, na mwaka 2018 kikafungwa. Hakuna askari aliyetumwa.

Urusi ndiyo inayosikitisha zaidi. Satira ya vikaragosi ya Kukly ilirushwa na kituo cha NTV cha huko tangu 1994, na mwaka 1995 waendesha mashtaka walifungua kesi dhidi yake, kesi ambayo haikufika mbali. Mwaka 2000 ilimwonyesha Vladimir Putin kama kibete wa hadithi ya Kijerumani ambaye kwa uchawi kila mtu anamwona mzuri. Ikasemekana Kremlin imetaka uso wa Rais usionekane tena. Mwandishi wake, Viktor Shenderovich, akatii kwa namna yake: kipindi kilichofuata hakikuwa na uso wa Putin, kilikuwa na wingu na kichaka kinachowaka moto, na watazamaji walijua ni nani. Aprili 2001, NTV ilichukuliwa na Gazprom, kampuni ya gesi iliyo chini ya serikali. Kipindi kikaisha 2002. Kesi ya mahakama ilikuwa imeshindwa kufanya kile ambacho mabadiliko ya umiliki yaliweza.

Sasa tuirejee Nairobi. XYZ iliishi kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wahisani wa nje, wakiwemo ubalozi wa Ufaransa na Ford Foundation, kwa sababu matangazo ya biashara ya hapa hayakutosha, na ikahama kituo zaidi ya kimoja. Wapinzani wamelitumia hilo kusema kwamba hiyo ni kibaraka wa wazungu. Walioiandika ni Wakenya, na mzaha wake ni wa Wakenya, kwa hiyo shutuma hiyo haina haki. Ila ina mizizi: anayelipa huweza kuacha kulipa, na siku akiacha, mkono unatoka ndani ya mpira. Lawama nazipeleka kwa vituo vyetu vikubwa vya Nairobi na Dar es Salaam. Vinalipia tamthilia zilizotafsiriwa kutoka Uturuki, Ufilipino na Amerika ya Kusini, ambamo sauti za waigizaji wetu hubandikwa juu ya midomo ya wageni. Hiyo nayo ni kazi ya kumsemea mwingine, na inafanyika kila jioni kwa ustadi. Waigizaji wa sauti tunao. Waigaji wa viongozi tunao. Tanzania ina mtu aliyejipatia jina la Nyerere kwa kuiga sauti ya Mwalimu. Wafinyanzi waliojifunza kazi kwenye XYZ wapo. Kinachokosekana ni kituo kitakachoweka fedha yake na jina lake, kwa mkataba wa misimu kadhaa unaomzuia mwenye hisa kuingia chumba cha waandishi.

Kenya inatarajia kupiga kura Agosti 2027. Kichwa kimoja cha mpira kinachukua wiki kadhaa tangu udongo hadi macho, na wagombea ni wengi. Kituo kinachotaka kuwa na vikaragosi hewani wakati wa kampeni hakiwezi kuagiza udongo Julai.